Safu ya Siku ya Kufika

Nilipoambiwa nichore ile safu, nilipaswa kusema hapana. Ni neno fupi, nilikuwa nalijua kwa lugha tatu, na sikulisema kwa hata moja. Nilichukua rula ya chuma na wino mwekundu, nikachora mstari kutoka juu ya ukurasa hadi chini, na juu yake nikaandika kwa Kifaransa, kwa herufi nzuri nilizofundishwa na mapadri: siku ya kufika. Nikafungua ukurasa uliofuata, nikachora tena. Kurasa za miezi mitatu. Mkono haukutetemeka. Nalitaja hilo kwa sababu wazee wenzangu wakisimulia makosa ya ujana wao hupenda kusema kwamba mkono ulitetemeka.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Gisenyi, upande wetu wa mpaka na Kongo, palikuwa makao ya teritware, yaani wilaya kama Wabelgiji walivyozigawa, na mkuu wa teritware alikuwa Mbelgiji mrefu, mpole, aliyependa karatasi kuliko watu, labda kwa sababu karatasi haziingii ofisini zikiwa na matope miguuni. Mimi nilikuwa karani wake wa tatu. Kazi yangu ilikuwa vibali. Mtu aliyetaka kuhamia Kongo, au kwenda kufanya kazi huko, hata kama ni Goma tunakosikia majogoo yao, alihitaji karatasi yenye saini ya mkuu. Nilipompa karatasi, niliandika jina lake katika daftari kubwa, pamoja na tarehe ya siku ile. Daftari halikutaka kujua zaidi, nami sikuliambia zaidi.

Watu walitoka Mudende, walitoka Kanama, wengine walikuwa wameanza kutembea kabla jua halijachomoza. Mkuu alisaini vibali asubuhi tu, na asubuhi yake ilikwisha alipoona njaa. Waliobaki waliambiwa warudi kesho. Sasa, mtu wa milimani hatembei bila fimbo. Jioni, kabla ya kwenda kutafuta pa kulala, kila mmoja aliegemeza fimbo yake kwenye ukuta wa veranda ya ofisi, kwa mpangilio waliofika nao, na asubuhi alisimama mahali fimbo yake ilipolala. Tarishi wa mlangoni hakuwahi kuamua ugomvi. Hakuna aliyesogeza fimbo ya mwenzake. Nimefanya kazi katika ofisi nyingi tangu wakati ule na sijaona utaratibu uliokwenda sawa kama huo. Nadhani ni kwa sababu sisi wa ofisini hatukuwa tumeubuni.

Wengi wa watu hao walilala kwenye kibaraza cha mjomba wangu.

Mjomba alikuwa fundi wa cherehani katika mtaa wa Waswahili, ndugu wa mama yangu, baba mmoja mama mmoja. Baba yangu alikuwa mvuvi, alikufa kabla sijamjua vizuri, na mama hakukawia kumfuata. Mjomba akanichukua. Alikuwa Mwislamu wa swala tano, na shule zote nzuri zilikuwa za mapadri, na mapadri hawakumpa mtu sekondari bila kumpa ubatizo kwanza. Watu wa mtaa walimwambia anamuuza mtoto wa marehemu dada yake kwa bei ya penseli. Yeye alisema mtoto atasoma, na kwamba Mungu mwenyewe anajua kusoma, kwa hiyo wataelewana. Nilisoma kwa jasho la cherehani yake. Nilipopata kazi teritware alinishonea suruali mbili za kaki na kunitembeza sokoni kama mtu anayetembeza ng'ombe aliyeshinda mashindano.

Tuliishi nyumba moja. Tulikula sinia moja, yeye na mimi, tangu nilipokuwa na mkono mdogo usiofika katikati. Alikuwa akinisogezea nyama kwa kidole bila kuniangalia.

Halafu likaja Baraza la teritware. Walikaa humo machifu, wakubwa wa milimani, na mtu mmoja kwa ajili ya watu wa mjini, na watu wa mjini wakamtaka mjomba, kwa sababu fundi nguo anajua vipimo vya kila mtu na hasemi. Baraza halikuweza kubadili kitu. Liliweza kuuliza. Mjumbe aliuliza swali lake katika kikao kimoja, serikali ikalijibu kwa maandishi katika kikao kilichofuata, miezi kadhaa baadaye. Wajumbe walikuwa na haki ya kuuliza, serikali ilikuwa na haki ya kujibu, na baada ya hapo kila mtu alikwenda kula.

Majibu hayo tuliyatengeneza sisi makarani, mkuu akayasaini. Aliyenifundisha kazi hiyo alikuwa karani mkuu, mtu mnene mwenye miwani, mcheshi, Mnyarwanda kama mimi, aliyekuwa ametumikia wakuu wengi na kuwazoeza wote. Alinifundisha kwamba jibu zuri la serikali huanza kwa kumshukuru mjumbe kwa swali lake, huendelea kwa kutaja karatasi ambayo mjumbe hana, na humalizika kabla mjumbe hajatambua kwamba limekwisha. Mjumbe mmoja alikuwa ameuliza habari za daraja lililovunjika kwenye njia ya Kanama. Tulimjibu kwamba serikali inalifahamu daraja hilo. Mwingine aliuliza lini soko la Mahoko litapata paa. Tulimjibu kwamba jambo linachunguzwa, na tukamjibu hivyohivyo vikao vinne, mpaka siku moja alisimama akaishukuru serikali, maana kitu kinachochunguzwa muda mrefu namna hiyo bila shaka kitakuja kuwa imara. Mimi nilicheka sana. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili na nilidhani nimefika mahali ambapo dunia inaendeshwa.

Swali la mjomba lilikuwa tofauti, kwa sababu lilikuwa dogo. Alisimama akauliza: mtu akija ofisini kutaka kibali, anangoja siku ngapi? Basi. Hakulalamika, hakutoa mfano. Karani mkuu, aliyekuwa akiandika, aliinua kichwa. Swali kubwa linajibika kwa maneno makubwa. Swali la siku ngapi linataka namba.

Jioni ile, tulipokuwa tukila, mjomba aliligusa jambo hilo mara moja tu. Hakuwa na desturi ya kuniuliza mambo ya ofisi.

“Mwana wa dada,” akasema, “nimeuliza ile swali juu ya wale watu wanalalaka hapa. Sikuombe unisaidie. Kazi iko yako, kula iko yako. Ila usiandike bongo. Ile tu.”

Bongo, katika Kiswahili chetu cha huku, ni uongo. Nilimwambia, ndiyo mjomba. Nilikuwa na ugali mdomoni, na nimewahi kujitetea moyoni kwamba haikuwa ahadi kamili.

Karani mkuu alinipa mimi kazi ya kutayarisha jibu, kwa kuwa daftari lilikuwa langu. Nilimwambia haliwezi kujibu, halina siku ambayo mtu alifika. Akaniangalia juu ya miwani kwa huruma, kama mtu anayemwona mwanafunzi wake bora akikosa hesabu rahisi.

“Bon. Donc lipatie,” akasema, yaani haya, basi lipatie hizo siku.

Ndipo nikachora safu.

Nilifanya kazi ile siku mbili na nusu, na aibu yangu kubwa ni kwamba niliifanya vizuri. Ningeandika kwamba kila mtu alifika na kuhudumiwa siku ileile, lakini hilo lingenuka. Kwa hiyo watu kadhaa niliwalaza usiku mmoja. Nilichagua wale wa mbali, wa Mudende kwenye baridi, ili jambo liwe na mantiki, na wengine niliwafikisha Jumapili wakahudumiwa Jumatatu, ili kosa liwe la kalenda na si la ofisi. Nilitumia kalamu mbili tofauti. Karani mkuu alipopitia aliguna kwa heshima. Kisha nikaandika jibu lenyewe: kwamba Serikali inamshukuru mheshimiwa mjumbe kwa kuonyesha anavyojali raia, kwamba, baada ya kupitia kwa makini daftari la vibali, ambalo liko wazi kwa ukaguzi wa mamlaka husika, imeonekana kwamba waombaji huhudumiwa siku ya kufika kwao, isipokuwa wachache waliongoja usiku mmoja kwa sababu zisizoihusu ofisi. Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kuandika na haikujikwaa mahali popote. Mkuu aliisaini bila kubadili neno. Alisema, kwa Kifaransa, kwamba hatimaye ana karani anayeandika.

Sijui kama yeye alijua. Nimelifikiria sana. Nadhani aliamua kutojua, ambayo pia ni kazi ya ofisi.

Siku ya kikao nilikuwa mkalimani. Mkuu alisoma jibu kwa Kifaransa, nami nikalisema kwa Kinyarwanda kwa ajili ya machifu, kisha kwa Kiswahili kwa ajili ya mjumbe wa mjini, yaani kwa ajili ya mjomba wangu. Nilimsomea nikiangalia karatasi. Nilipomaliza aliomba ruhusa atoke nje kidogo. Alirudi akiwa amebeba mzigo wa fimbo mabegani.

Aliziweka mezani. Zilikuwa fimbo za kawaida za watu wa milimani, zimeng'arishwa na mikono, na kila moja ilikuwa imefungwa nyuzi karibu na kichwa: nyekundu, bluu, nyeupe, nyuzi za cherehani. Alieleza kwa sauti ya chini, nami nikatafsiri. Alikuwa na mazoea ya kupita kwenye ukuta wa veranda kila alfajiri akitoka kuswali, na kwa miezi ile ya kungoja jibu aliifunga kila fimbo aliyoikuta uzi mmoja kwa kila usiku iliolala pale. Wenyewe walikuwa wamemwazima fimbo zao kwa siku moja. Alichukua moja akahesabu nyuzi kwa sauti: nne. Nyingine: tatu. Nyingine: tano. Alikuwa akihesabu polepole, kama anayempimia mtu mkono.

Chifu mmoja akasema fundi ameleta kuni, na ukumbi ukacheka. Mwingine akauliza kama kikao kijacho atawaletea maharage ili wapike. Mkuu alingoja kicheko kipungue, kisha akasema kwa adabu yake yote kwamba anazithamini fimbo za raia, lakini fimbo si hati. Yeyote angeweza kufunga uzi. Daftari, kwa upande wake, lilikuwa na namba za kurasa na mhuri. Karani mkuu akamnong'oneza kitu, na mkuu akaongeza kwamba mjumbe anayedokeza kuwa vitabu vya serikali vimeghushiwa hana budi kuthibitisha au kufuta maneno yake.

Nilitafsiri yote. Mjomba aliiweka chini fimbo aliyokuwa ameishika. Alinigeukia mimi.

“Mwana wa dada. We njo unaandikaka kile kitabu. Sema: ile maneno iko kweli?”

Nilifanya nilichofundishwa. Nilimgeukia mkuu, nikamtafsiria swali kana kwamba ameulizwa yeye. Mkuu akasema, mwambie daftari liko sawa. Nikamwambia mjomba kwamba Serikali inasema daftari liko sawa.

“Sikuuliza muzungu,” akasema mjomba. “Nimeuliza wewe.”

Karani mkuu alikuwa akisafisha miwani yake. Ningeweza kusema sentensi moja, hata nusu ya sentensi. Ningefukuzwa kazi mchana ule, pengine ningefungwa kidogo, na tungekula pamoja jioni.

“Kitabu iko sawa, mjomba,” nikasema.

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyejibiwa bei. Alikusanya fimbo, akahakikisha hakuna iliyobaki, maana wenyewe walikuwa wakizingoja nje, akatoka. Alikataa kufuta maneno yake. Barua ya kumwondoa kwenye Baraza ilikuja baada ya wiki mbili. Niliipiga mimi kwa taipureta, nakala tatu, na niliipiga bila kosa.

Jioni ya siku ile ya kikao hakunigombeza. Nilikuwa nimejiandaa kwa kugombezwa, nilikuwa hata na majibu. Mke wa mjomba aliweka sinia mbele ya mjomba, kisha akaleta sahani ya peke yake, yenye uma na kijiko, akaiweka mbele yangu, kama anavyofanyiwa mgeni wa serikali. Chakula kilikuwa kilekile. Mjomba alisema karibu. Nilikula kwa uma, na sauti ya uma kwenye sahani ya bati niliisikia mimi na nadhani waliisikia na majirani. Ikawa hivyo kila siku, kwa heshima kubwa, mpaka nikahamia nyumba za makarani.

Ofisini mambo yalininyookea. Jibu letu lilipelekwa juu, na juu wakaipenda ile safu. Tulisikia kwamba teritware nyingine zimeagizwa kuichora. Mimi nikawa karani wa pili. Na kwa kuwa sasa ilikuwa imethibitishwa kwamba hakuna anayengoja, tarishi aliamriwa aondoe fimbo ukutani, kwa sababu zilileta picha isiyolingana na kumbukumbu. Watu wakawa wanangojea nje ya ua, na bila fimbo wakaanza kugombania nafasi, na tukaandika ripoti kuhusu ukosefu wa nidhamu wa wananchi.

Mjomba huko mtaani akawa anaitwa Fundi Kuni. Machifu waliokuwa wakishonesha kwake walipata mafundi wengine. Watoto wa sokoni walimwokotea vijiti na kumwuliza hiki kimelala siku ngapi. Alivumilia karibu mwaka. Kisha akaamua kuhamia Goma kwa shemeji yake, pamoja na mke na cherehani. Na mtu wa kuhamia Goma alihitaji kibali.

Nilimwona kwa dirisha Jumatatu asubuhi, nje ya ua, amesimama katikati ya watu wa Kanama. Nilimtuma tarishi amwite apite ndani. Tarishi akarudi peke yake.

“Muzee anasema kuko watu mbele yake.”

Jumanne alikuwepo. Jumatano mvua ilinyesha na alikuwepo. Nilijaribu kuharakisha kazi, nikaandika haraka kuliko siku zote, lakini mkuu aliendelea kuona njaa saa zilezile. Mjomba alifika mezani kwangu Alhamisi. Ilinibidi nimwulize jina lake, kwa sababu utaratibu ulitaka, naye akanitajia, pamoja na jina la baba yake, ambaye ni babu yangu. Nikajaza kibali. Nikaandika katika daftari mpaka nikafika kwenye safu nyekundu. Kalamu ikasimama.

“Jumatatu,” akasema. “Andika Jumatatu.”

Hakusema kwa hasira. Nimejiuliza kwa miaka mingi ile ilikuwa sauti gani, na naamini alikuwa akinipa nafasi. Hakuna mzungu aliyekuwa akitusikiliza. Lilikuwa jina moja kati ya maelfu, hakuna ambaye angelisoma. Lakini karani mkuu, meza ya pili, alikuwa ameinua kichwa, na nilikuwa nimezoea.

Niliandika Alhamisi.

Mjomba hakujua Kifaransa, lakini fundi nguo anazijua namba. Alikuwa ameinama kidogo juu ya meza, na aliiona tarehe nilipokuwa naiandika. Akapokea kibali kwa mikono miwili, kama tunavyopokea kitu kutoka kwa mkubwa tusiyemfahamu.

“Asante, bwana karani,” akasema, akatoka.

Nilikwenda Goma mara moja kumtafuta. Ni mwendo mfupi kwa miguu. Mke wake alitoka mlangoni akaniambia mjomba amekwenda msikitini, na haikuwa saa ya swala yoyote ninayoijua, nami niliishi nao Gisenyi miaka kumi na saba. Nilimshukuru. Sikurudi tena. Nilijiambia nitarudi atakapokuwa amepoa, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa na la kupoza. Nilioa bila mjomba wa kusimama upande wangu. Karani mkuu alizungumza kwa niaba ya ukoo, akachekesha watu. Baadaye nchi ilibadilika, wakuu wakabadilika, mpaka wa Kongo ukawa mgumu kuvuka kuliko ulivyokuwa, na kila mwaka ulinipa sababu mpya na nzuri ya kutovuka. Habari ya kifo chake niliipata kwa mwanamke muuza samaki, aliyedhani najua. Arobaini ilikuwa imekwisha kupita.

Kazi sikuipoteza. Nilistaafu na cheo, na watu bado wananiita kwa heshima. Nilichopoteza ni mjomba wangu. Ndiye baba pekee niliyewahi kuwa naye, na alikufa akiwa hanihesabu tena miongoni mwa watoto wake.